Nadhiri ya Mvua Kitangiri

Siku tulipomzika dada yangu Klara, nilisimama kando ya jeneza nikasoma wasifu wake. Ulichukua dakika nne. Alizaliwa Tulya mwaka 1984, alisoma mpaka darasa la saba, aliolewa, akafiwa na mume, hakujaliwa mtoto, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya mtaa kwa miaka kumi na tisa, aliugua miezi saba. Watu wakaitikia amina.

Kila nilichosoma ni kweli. Lakini karatasi ile haikutaja siku mbili tulizokaa kisiwani, wala haikutaja kwamba kwa ajili ya siku hizo mimi, mdogo wake, nilimnunia miaka mitatu. Mungu anisamehe. Naandika sasa ili wanangu wamjue shangazi yao, na ili mimi mwenyewe nipumzike.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, Klara akiwa na kumi na sita. Sikumbuki mgongo wa mama. Mgongo ninaoukumbuka ni wa Klara, na harufu ya moshi na samaki. Alikuwa akikaanga perege pale Shelui, malori yanaposimama, yeye na rafiki yake Stumai, kila mmoja na jiko lake na sinia lake. Nimefika kidato cha nne kwa samaki wale. Madereva walimjua kwa ukali. Dereva akimwambia samaki ni mdogo, alimjibu akamlalamikie ziwa.

Msimu ule, mwaka 2022 ulipoingia, mvua ilikuwa haijaja. Desemba yalinyesha manyunyu mara mbili, watu wakadanganyika wakapanda, alizeti ikachomoza na kufa ikiwa na majani manne. Ng'ombe walianza kulala wasiinuke. Ndipo mwinjilisti wa mtaa wetu, Mzee Gerald, akatangaza kambi ya maombi ya siku tatu kisiwani, katika ziwa Kitangiri. Alisema nyumbani mtu hawezi kuomba dakika kumi bila kuitwa akamfungue ndama. Kisiwani hakuna wa kumwita.

Tulikwenda watu tisa. Mzee Gerald mwenyewe, Bibi Scholastika, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye hakukosa ibada hata mguu wake wa kushoto ulipovimba, wanawake watatu wa kwaya, Mathayo, mpiga ngoma wetu, mtu mwenye mwili na maneno mengi, Klara, mimi, na Stumai. Stumai ni Mwislamu. Alipouliza kama anaweza kuja, mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Stumai akamwambia shamba lake la uwele limepakana na la Klara, na mvua ikija haitauliza mpaka. Mzee Gerald akacheka, akamwandika jina.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, hakizidi viwanja viwili vya mpira. Kina nyasi, migunga michache, na mawe manne mahali palipoinuka kidogo. Haishi mtu, wavuvi huanika nyavu hapo na kuondoka. Ziwa lilikuwa limepungua sana kwa ukame, hata ungeweza kwenda kwa miguu. Chini ya maji kuna mgongo wa mchanga mgumu unaotoka ufukweni mpaka kisiwani, kama mita mia nne, na kulia na kushoto kwake ni tope linalomeza mguu mpaka pajani. Klara aliujua mgongo ule tangu utoto, maana baba yetu alikuwa mvuvi na alimchukua kwenda kutega migono ya samaki. Alhamisi asubuhi alitangulia na fimbo, sisi nyuma yake, maji yakitufika mapajani. Mvuvi mmoja, Paulo, alibeba mizigo pamoja na Bibi Scholastika kwenye mtumbwi, akamshusha Bibi na mizigo, akarudi zake. Tulipatana atatufuata Jumamosi saa sita mchana. Kisiwani simu hazishiki.

Tulitandaza maturubai mawili. Mathayo alikuja na hema la kijani aliloazima kwa jamaa yake mrina asali wa Rungwa, akalisimika kwa mbwembwe akisema leo analala kama mtalii. Jioni ile, baada ya uji, Mzee Gerald alitusimamisha kwenye yale mawe. Alisema watu wa siku hizi wanamwahidi Mungu kwa mdomo na kuondoka kwa miguu. Kwa hiyo tuweke nadhiri: mpaka siku ya tatu saa sita mchana, inyeshe isinyeshe, hakuna atakayetoka kisiwani. Tukainua mikono wote. Stumai naye aliinua.

Mvua ilikuja Ijumaa, saa nne asubuhi.

Sijui nieleze vipi furaha ile kwa mtu ambaye hajawahi kuona ng'ombe wake akifa kwa kiu. Upepo ulitangulia, ukanuka udongo. Halafu matone makubwa, mojamoja, yakipiga maturubai kama mtu anayerusha kokoto. Halafu ikamwagika. Hakuna aliyekwenda chini ya turubai. Mama yetu, kama Klara alivyonisimulia, alikuwa akisema mvua ya kwanza baada ya ukame haikimbiwi, ukijifunika unaonekana umeidharau. Tuliimba tukiwa tumefumba macho na midomo wazi. Bibi Scholastika alivua kandambili akacheza na mguu wake uliovimba. Upepo ulilinyanyua hema la Mathayo, ukalipeleka ziwani likiwa limejaa hewa, naye akaliaga kwa mkono, akasema heri hema lizame kuliko mahindi yakauke.

Nilipofumbua macho vizuri, Klara hakuwa katika duara letu. Alikuwa ukingoni, amechuchumaa, akichomeka kijiti pale maji yalipokomea.

Nilimfuata. Aliniambia niingize mguu majini. Nikaingiza. Akaniuliza ni ya moto au ya baridi. Nikamwambia baridi. Akarudi kuimba, lakini kila baada ya nyimbo mbili alikwenda kutazama. Ilipofika kama saa sita, kijiti hakikuonekana tena. Akachomeka kingine, hatua nne juu yake.

Ndipo alipomwendea Mzee Gerald. Alipiga goti kidogo, kama ilivyo desturi mbele ya mtu mzima, akamweleza kwa sauti ya chini. Maji ya mvua inayotunyeshea, alisema, ni ya vuguvugu, na hayawezi kulijaza ziwa kwa saa mbili. Haya ya baridi ni ya mto. Mto Wembere umeshuka na maji ya mbali, ya mvua iliyonyesha jana huko ambako hatukuiona. Upepo nao unayasukuma upande wetu. Mgongo wa mchanga utafungwa kabla ya jioni, na Paulo hawezi kuleta mtumbwi kwenye mawimbi yale, si leo wala kesho. Tuondoke sasa maji yakiwa kiunoni.

Mzee Gerald hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepoteza ng'ombe watano msimu ule na hakulalamika hata siku moja. Lakini uso wake ulibadilika. Alimkumbusha kwamba mvua tumeiomba sisi wenyewe. Tumeomba kwa kufunga, Mungu amejibu siku ya pili, na kabla nguo hazijakauka tunamkimbia. Akauliza, kama mtu anayeuliza darasani, nadhiri ya siku tatu ina siku ngapi.

"Tatu, Baba Mwinjilisti," Klara akajibu.

"Basi tukaombe."

Tukaomba. Ninaungama kwamba na mimi nilikuwa upande wa mwinjilisti. Nilimwona dada yangu amekuwa mwoga, na nilimwonea haya mbele ya watu. Mmoja wa wanakwaya alinong'ona kwamba Klara siku zote ana kichwa kigumu. Stumai alimsikia. Akasema nadhiri yenu imenibana na mimi, lakini kuogelea sijui, kwa hiyo ombeni upesi.

Saa saba. Saa nane. Maombi yalikuwa marefu na mvua haikupungua. Turubai moja lilichanika. Kisiwa kilianza kuwa kidogo machoni petu. Migunga ya upande wa magharibi ilikuwa imesimama ndani ya maji. Klara hakuomba pamoja nasi. Alikuwa akitembea ukingoni na vijiti vyake, na kila nilipofumbua jicho nilimwona amesogea karibu zaidi.

Kama saa tisa kasorobo alikuja katikati ya duara, amebeba kitu kwa mikono miwili. Yalikuwa mabua ya mtama, mabichi, yaliyong'olewa na mizizi yake, na kipande cha uzio wa miiba. Akaviweka miguuni pa mwinjilisti.

"Haya si ya upande wetu," akasema. "Ya kwetu yalikufa Desemba. Haya yamekuja na mto."

Mzee Gerald akayatazama.

"Baba, mvua hii tumeiomba kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mashamba, mama."

"Mbegu ziko nyumbani, na wapandaji wako hapa. Tukifa Mungu atamnyeshea nani?"

Sijui kama ni maneno au ni yale mabua. Mzee Gerald aliinama, akaokota bua moja, akalivunja, akaona bado lina maji ndani. Halafu akavua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe pamoja na Biblia yake iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kwamba nadhiri aliiweka yeye, sisi tuliinua mikono tu, na kama kuna wa kuulizwa ataulizwa yeye. Akamwambia Klara atuongoze.

Kuanzia hapo dada yangu alitoa amri kama mtu anayewafokea madereva wa Shelui. Mizigo yote ibaki. Viatu vibaki. Tufungue kamba za maturubai tuziunganishe na kanga, tupate kamba moja ndefu. Kila mtu aishike kwa mkono wa kulia, lakini ni marufuku kujifunga kiunoni, maana mmoja akizama asiwavute wengine. Hapo Mathayo, aliyekuwa hajanyamaza tangu Alhamisi, alinyamaza.

Mpangilio ulikuwa hivi: Klara mbele na fimbo, Bibi Scholastika nyuma yake, halafu mimi, halafu Stumai, wanakwaya watatu, Mzee Gerald, na Mathayo mwisho kwa sababu ni mzito. Klara aliniambia macho yangu yasitoke kwenye mgongo wa Bibi.

Tuliingia. Maji yalikuwa kifuani kwangu tangu hatua za mwanzo, na kwa Bibi yalikuwa karibu na mabega. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Ufuko uliokuwa mbele yetu haukuonekana kwa mvua. Klara alikuwa akitembea kwa fimbo tu, anachoma kushoto, anachoma kulia, fimbo ikizama laini anarudi, ikigonga mgumu anasogea. Hatua moja, kusimama. Hatua moja, kusimama. Nyuma yangu nilimsikia Stumai akisoma dua kwa Kiarabu na mwanakwaya mmoja akiimba wimbo wa tenzi, wote wawili kwa pumzi fupi, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Tulipofika kama nusu, mawimbi yalianza kutupiga ubavuni. Gogo lilipita mbele ya Klara likizunguka. Alilisukuma kwa fimbo, na fimbo ikamponyoka ikaondoka na gogo. Hakupiga kelele. Aligeuka nusu, akasema sasa anatumia miguu, tusimsukume.

Wimbi lililotuangusha sikuliona. Nilihisi kamba ikikazwa, kisha ikalegea. Bibi Scholastika alipotea mbele yangu, kilemba chake cheupe kikaenda kushoto. Niliachia kamba nimshike, na hapo hapo mchanga uliisha chini ya mguu wangu. Nilianguka kulia. Tope lilinishika miguu yote miwili, laini, kama mikono. Niliinua kichwa mara moja juu ya maji.

Nilimwona Klara amegeuka. Nilimwona amenitazama. Kisha akaachia kamba, akajitupa kushoto, upande wa Bibi.

Nilizama nikiwa nimeona hilo.

Sikumbuki mengi. Nakumbuka maji kwenye pua na sauti kama ya mashine ya kusaga. Kisha kitu kikanipiga usoni, nikakishika. Ulikuwa mtandio wa Stumai. Yeye asiyejua kuogelea alikuwa amebaki palepale kwenye mchanga, mkono mmoja umeshika kamba, wa pili umenirushia mtandio, na nyuma yake Mathayo na mwinjilisti walikuwa wameivuta kamba mpaka ikawa kama chuma. Walinitoa kwenye tope kama wanavyomtoa ng'ombe, kidogo kidogo, na suruali ilibaki huko. Stumai aliniambia baadaye kwamba nilipotoka nilikuwa nimeuuma mtandio kwa meno.

Klara alikuwa amempata Bibi. Alimpakata kama mtoto, akarudi kwenye mgongo wa mchanga kwa kuogelea mkono mmoja, akatafuta chini kwa vidole vya miguu, akasimama. Akaita tumfuate. Tukamfuata. Maji yalifika kidevuni kwa wafupi, kisha mabegani, kisha kiunoni, halafu tukasikia sauti ya Paulo na wavuvi wengine, nao wakaingia kutupokea.

Ufukweni Mzee Gerald alituhesabu. Akapata tisa. Akahesabu tena akigusa kichwa cha kila mmoja, akapata tisa, akaanguka kifudifudi kwenye tope akalia. Klara alikuwa ameketi, miguu ya Bibi Scholastika mapajani mwake, anaisugua kwa nguvu. Nilisimama pembeni nimefungwa shuka la Paulo, natetemeka. Nilimsubiri aniulize hali. Hakuniuliza. Hakuniinulia hata macho. Aliendelea kuisugua miguu ya yule bibi mpaka lilipokuja trekta kutuchukua.

Jumapili mwinjilisti alisimama kanisani akasema kwa nadhiri yake alikaribia kuwaua watu wanane, akaomba msamaha kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Klara hakuwepo. Alikuwa shambani anapanda, na Stumai ng'ambo ya mpaka anapanda.

Mimi nilihamia Singida mjini mwezi uliofuata, nikapata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Watu walidhani nimefuata maisha. Nilikuwa nimekimbia. Kila nilipofumba macho nilimwona dada yangu, aliyenibeba mgongoni, akinitazama na kugeuka. Nilijiambia ni haki, Bibi ni mzee, ni dhaifu. Nilijiambia hata Maandiko yanasema hivyo. Haikusaidia. Akipiga simu nilijibu kwa ufupi. Krismasi nilituma salamu. Alipokuja mjini kuniletea unga wa uwele nilimwambia nina haraka, akauacha kwa jirani.

Kisha akaugua. Saratani, wakasema, na imechelewa kuonekana. Nilikwenda hospitali, na kwa sababu hakuwa na mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha asubuhi kabla ya kazi. Miezi ile tuliongea juu ya mashamba na watu. Juu ya maji hatukuongea. Mpaka asubuhi moja ya Februari, wiki mbili kabla hajafariki, nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko, na nikasikia mdomo wangu unasema.

"Dada, siku ile kwenye maji uliniangalia."

Alimeza uji kwanza.

"Ukaniangalia, halafu ukamfuata Bibi."

"Sikukuona, Fredi."

"Uligeuka upande wangu."

"Niligeuka. Macho yalikuwa yamejaa maji. Nilichoona ni kitu cheupe, kilemba cha Bibi, basi." Akapumua mara kadhaa, maana kuongea kulimchosha. "Ningekuona wewe ningemwacha yule mama afe. Ningemwacha hivi hivi, bila kufikiri. Nilipofika nchi kavu ndipo nikajua na wewe ulianguka. Nikajua na moyo wangu ulivyo. Nikashindwa kukutazama."

Nilichota uji mwingine.

"Mungu alijua nitakavyofanya," akasema. "Akanifumba macho."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa. Sijui kama alisema kweli yote au alinipa maneno ya kunifaa, kama alivyonipa vingine vyote. Nimeliuliza hilo katika maombi na sijapata jibu, na nimeona si lazima nilipate. Niliweka kichwa changu kwenye shuka, pembeni ya mkono wake, nikalia kama mtoto wa miaka minne, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kutuachia nafasi.

Baadaye Klara alinigusa sikio kwa kidole. Akaniambia nikae vizuri, nitachelewa kazini. Nikamwambia bado hajamaliza uji. Akasema yeye ameshiba, na anajua nilitoka nyumbani bila kula kitu, niumalize mimi kabla haujapoa.

Nikaunywa wote, yeye akiniangalia.